Jinsi ya kutoa mchezo wa familia jukwaani ukawa filamu, ukiwa Moshi na bajeti ya kuungaunga

Wakuu, vikundi vya maigizo hapa Moshi na Arusha vinapiga michezo mizuri kweli, ukumbi wa kanisa, ukumbi wa shule, watu wanacheka mpaka machozi, wengine wanalia kabisa, afu mchezo unafia palepale. Akitokea mtu akasema jamani huu tuushuti, kesho yake wazo limeshaharibika: tumlete steringi kutoka Dar, twende tukashuti kwenye maporomoko Marangu, tukodi droni, tuongeze na majambazi kidogo ili ichangamke. Hela inaisha katikati na ule mchezo uliowaliza watu haumo tena ndani.

Mi nashauri njia nyingine kabisa, na sijaitunga mimi, ilishafanyika mwaka 1961 na ile filamu mpaka leo watu wanaiangalia: A Raisin in the Sun. Walichofanya ni kuwachukua karibu watu wote waliokuwa jukwaani na kubaki nao ndani ya nyumba. Basi. Kila ninachoandika hapa chini kinatoka humo.

Kwa ambao hawajaiona, mwandishi ni Lorraine Hansberry, binti wa Chicago, mchezo wake ulifunguliwa Broadway, zile kumbi kubwa za maigizo kule New York, tarehe 11 Machi 1959 ye akiwa na miaka 28 tu, na ndo ulikuwa mchezo wa kwanza wa mwanamke mweusi kufika Broadway. Familia ya Younger, watu watano, wamebanana kwenye kinyumba cha kupanga upande wa kusini wa Chicago, choo wanachangia na jirani, mtoto analala kwenye kochi sebuleni. Mzee wa nyumba kafariki, bima yake inakuja, cheki ya dola 10,000, na kila mtu kichwani ameshaitumia. Walter Lee ni dereva wa tajiri wa kizungu, amechoka kufungulia watu mlango wa gari, anataka afungue duka la pombe na washkaji. Dada yake Beneatha anataka kusomea udaktari. Mama yao, Lena, anataka nyumba yenye kabustani. Ruth mke wa Walter ana mimba na hana hamu tena ya kubishana na mtu. Mama analipa dola 3,500 za mwanzo kwenye nyumba mtaa wa wazungu, zile 6,500 zilizobaki anamkabidhi Walter na kumwambia 3,000 aziweke benki za shule ya dada yake, Walter anamkabidhi rafiki zote, rafiki anayeyuka. Afu anakuja mzungu mpole mwenye tai, anatoka huko mtaa mpya, anasema tutawarudishia hela na faida juu ili msihamie.

Hamna bunduki hata moja. Na mtu wa Pasua akiiangalia hahitaji kuelezewa kitu, maana kiinua mgongo cha marehemu kimeshavuruga nyumba ngapi hapa mjini? Hansberry mwenyewe hakuokota stori hewani, baba yake alinunua nyumba mtaa wa wazungu Chicago na kesi yake ikafika mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani mwaka 1940.

Sasa kazi. Anza na kasti, na hapa ntakaa sana kwa sababu ndo wengi wanapoharibia. Angalia orodha yao. Sidney Poitier ni Walter, Claudia McNeil ni Mama, Ruby Dee ni Ruth, Diana Sands ni Beneatha, Ivan Dixon ni Asagai yule mwanafunzi wa Nigeria anayemtaka Beneatha, Louis Gossett ni George yule mtoto wa kishua, John Fiedler ni yule mzungu mwenye tai. Wote hao ndo walewale waliofungua nao Broadway. Mchezo ulipigwa mara 530 kule, kwahiyo kamera ilipowashwa hamna mtu anayetafuta maneno, hamna mtu anayemwangalia mwenzake kusubiri zamu yake ya kuongea. Ruby Dee anapiga pasi huku anagombana na mumewe na mkono haukosei, kwa sababu ule mkono umeshapiga pasi hiyohiyo miezi na miezi. Hicho kitu huwezi kukinunua kwa steringi wa siku tatu hata umlipe milioni ngapi.

Kwahiyo yule mama wenu anayecheza mama mkwe, ambaye asubuhi anauza ndizi soko la Mbuyuni na hajawahi kusimama mbele ya kamera, usimtoe. Watakuja watu kukwambia sura yake haiuzi. Mwache. Na usihangaike sana na umri pia: McNeil alizaliwa 1917 na Poitier 1927, yaani Mama alimzidi mwanae miaka kumi kasoro, lakini ukimwona anavyokaa kwenye kiti na anavyomwangalia hutauliza cheti cha kuzaliwa. Wanaobadilika ni watoto. Jukwaani mtoto Travis alikuwa Glynn Turman, kwenye filamu ni Stephen Perry. Mtoto ukimwacha mwaka mmoja anarefuka, sauti inakuwa nzito, kwahiyo kama mchezo wenu una mtoto shuti mapema au andaa mwingine wa akiba na akae mazoezini na wenzake tangu mwanzo asije kama mgeni.

Kitu kingine, dairekta wa jukwaani sio lazma awe wa filamu. Lloyd Richards ndo aliongoza ule mchezo, mtu mweusi wa kwanza kuongoza mchezo Broadway, ila filamu wakampa Daniel Petrie, Mkanada aliyetokea kwenye tamthilia za televisheni. Binafsi naona Richards alistahili kupewa, ila kwa kikundi cha Moshi cha msingi ni kwamba yule anayejua waigizaji na yule anayejua kamera wakae meza moja kabla ya siku ya kwanza, wamalize ubishi wao huko, sio mbele ya watu.

Na kabla hujagusa kamera kaeni mkubaliane hii stori ni ya nani. Msicheke, hata wale wakubwa walivutana. Poitier alitaka mchezo uonekane kwa macho ya Walter, Hansberry na Richards hawakuona hivyo, McNeil naye alimcheza Mama kama mlima, ye na Poitier wakawa hawaelewani vizuri. Ukiiangalia filamu ule mvutano unauona, kila mmoja anavuta sebule upande wake, na bahati nzuri ni mama na mwana wanaogombania nani mkubwa wa nyumba kwahiyo imewafaa. Kwenye kikundi chenu cha watu nane haitawafaa, itawavunja. Amueni mapema tunaanza na sura ya nani, tunamaliza na ya nani, edita asije akaamua peke yake usiku.

Skripti aandike yuleyule aliyeandika mchezo. Hansberry ndo aliandika ya filamu. Aliongeza sini mpya nyingi za nje, familia ikiwa mjini, ikikutana na wazungu kwenye maduka na makazini, studio ya Columbia ikazikata nyingi. Walizikata kwa uoga na hilo siwatetei. Ila matokeo yake, kamera inatoka mara chache tu, inaenda baa anapokunywa Walter, inaenda kuona nyumba mpya, inarudi, na kila ikirudi sebule inazidi kuwa ndogo. Kwenu nyie nasema hivi: kila sini ya nje unayotaka kuongeza jiulize mtu akirudi ndani kuna kitu kimebadilika? Kama hamna, futa. Sini ya jamaa anatembea Double Road anawaza, na muziki wa huzuni juu, futa hiyo kabla hata hujaiandika.

Mnapofupisha msikimbilie kukata vitu vidogo mkaacha hotuba. Kuna sini moja mwanzoni ambayo ukiielewa umeelewa kuandika familia. Mtoto anaomba senti 50 za shule, mama yake anasema hatuna, limeisha. Baba anatokea, anasikia, anaingiza mkono mfukoni kwa mbwembwe anampa mtoto senti 50 huku anamwangalia mke wake, halafu anaongeza 50 nyingine, anunue matunda, apande teksi, sijui nini. Mtoto anaondoka anang'aa. Baada ya muda baba anatoka kwenda kazini, anarudi mlangoni, amenywea, anaomba nauli. Kwa mke wake. Hamna aliyesema Walter ana kiburi, hamna aliyesema hela yenyewe ni ya mwisho, hamna aliyesema Ruth anamjua mumewe, na vyote umeviona ndani ya dakika chache kwa sarafu mbili. Sasa weka kwetu: mtoto anadaiwa hela ya mtihani, mama kasema subiri, baba anatoa elfu tano ya mwisho kwa sifa, nusu saa baadae anasimama mlangoni anakuna kichwa, "mama Neema, una mia sita hapo ya daladala?" Mwigizaji akisema hivyo na kamera ikabaki kwa mama Neema, hahitaji kujibu. Ndo vitu vya kulinda hivyo.

Msinakili stori yao lakini. Mchezo wa Hansberry una hakimiliki huko Marekani, na hata usingekuwa nayo, yenu mnayo. Mzee kafariki, mafao yametoka, kaka mkubwa anataka Noah ya kupiga ruti ya Marangu, mama anataka kiwanja Boma Ng'ombe, binti amepata chuo na mkopo hajapata, kitindamimba anajua nyumba ya kihambani, kwenye shamba la ukoo, ni yake kimila kwahiyo amekaa kimya anasubiri. Huyo kitindamimba anayekaa kimya mpe kiti kizuri, ntamwangalia filamu nzima.

Nyumba. Tafuta ya kweli, Njoro, Majengo, Bomambuzi, wa Arusha mko na Ngarenaro na Unga Limited huko, sebule moja yenye milango miwili angalau, maana mchezo wa familia unaishi kwenye milango, nani kaingia nani alikuwa anasikiliza. Chumba cha kumi kwa kumi kinatosha, ila kameramani atakwambia hakitoshi, mwambie asimame mlangoni au nje ya dirisha apige ndani. Samani ziache zilivyo na vitambaa vyake vya kochi, kalenda ya mwaka juzi ukutani, redio yenye kipande cha waya kwenye eria. Ukikuta sebule imepakwa rangi ya mafuta mpaka usawa wa bega, ile inayong'aa, jihadhari, taa ikipiga pale inaonekana duara jeupe nyuma ya kichwa cha mtu kama malaika. Sogeza taa ipige dari irudi chini, au tundika kanga pale inapong'aa, nyumba gani haina kanga imetundikwa.

Mwenye nyumba mlipe kwa maandishi, hata karatasi ya daftari, sahihi mbili na balozi au mwenyekiti wa mtaa awe shahidi. Kuna nyumba moja tuliwahi kupewa kwa mdomo tu, siku ya pili bei ikapanda na tulishashuti nusu, sa utafanyaje, unalipa.

Sasa sauti. Watu wanauliza simu gani nzuri ya kushutia, hiyo haina shida siku hizi, simu ya kawaida yenye kamera nzuri ikiwekwa kwenye tripodi inatosha. Filamu ya familia ni maneno, na maneno yasiposikika hamna filamu. Nyumba nyingi zetu ni bati bila siling, mvua ikidondoka hata manyunyu hamsikilizani, kwahiyo Machi mpaka Mei sahauni, masika ya Moshi hayana utani. Juni na Julai kuna baridi na mawingu lakini ni miezi mizuri, mwanga unatulia siku nzima na mvua ni ya kubahatisha. Nunua maiki ndogo za kubana kwenye nguo, mbili za kuanzia, ukikosa hela rekodi kwa simu nyingine iliyofichwa nyuma ya thermos ya chai mezani, inafanya kazi vizuri kuliko unavyodhani. Chukua mablanketi na mapazia mazito ya mtumba pale Memorial, yatundike upande ambao kamera haioni, sauti ya chumba kitupu inakufa. Zima friji. Na funguo zako za nyumba ziweke ndani ya hilo friji, hutaondoka bila kuliwasha, vinginevyo utalipa nyama ya watu.

Mtaa nao uufahamu kabla. Nenda kakae pale siku nzima bila kamera uandike kelele: adhana saa ngapi, shule ya msingi inatoa watoto saa ngapi, saluni ya jirani inafungulia muziki saa ngapi, fundi welda yuko wapi. Jogoo huwezi kumpangia, huyo mwache aingie kwenye filamu, hiyo ni Moshi. Ila saluni nenda kaongee nao kwa adabu, peleka soda, waambie jirani samahani naomba saa mbili tu za utulivu. Kila sehemu mkishamaliza kushuti wote mkae kimya dakika moja mrekodi ukimya wa chumba chenyewe, edita atawashukuru, maana ndo atazibia mashimo.

Mwanga sina mengi. Tundika shuka jeupe dirishani, liko laini na halibadiliki ghafla jua likiingia kwenye wingu. Shuti asubuhi saa mbili mpaka saa tano na jioni kuanzia saa tisa na nusu, mchana jua liko utosini, kaleni. Umeme ukikatika mnaendelea na dirisha, kwahiyo msipange sini za usiku zote siku moja.

Mlima. Najua mtataka kuuweka. Kila filamu ya huku inaanza na Kilimanjaro kutoka angani, imekuwa kama stempu ya posta. Mi ningeuacha nje kabisa, mtu asogeze pazia aseme "leo mlima unaonekana" na mama asigeuke hata kuangalia kwa sababu anahesabu hela. Unaonekana zaidi hivyo.

Mazoezi ya kuhamia kwenye kamera yana kitu kimoja tu kikubwa, sauti na mikono. Mwigizaji wa jukwaani amezoea kupeleka maneno mpaka benchi la mwisho karibu na mlango. Kaeni mezani, dairekta akae umbali wa mkono mmoja, wasemee yeye tu. Asiyeweza kushusha mwambie aseme huku anamenya vitunguu kweli, kisu kikali mkononi kinamrudisha mtu chini haraka. Msiwashushe wote sana lakini. Kuna wanaosema A Raisin in the Sun imebaki na ukubwa wa jukwaani, kwamba Poitier anajitupa mno, na kweli kuna sehemu anajitupa. Ila ile sehemu Bobo, mshkaji mwingine wa Walter kwenye mpango wa duka, anakuja kusema hela zimekwenda, anazunguka maneno, hawezi kuyatoa, na Walter anamsihi aseme huku hataki kusikia, pale ningemshusha nani? Mtu aliyepoteza hela ya baba yake haongei kwa sauti ya redio. Msiba wowote wa huku ukifika kwenye mali umewahi kusikia watu wananong'ona?

Kwa kuwa lokesheni ni moja, shuti kwa mpangilio wa stori, mwanzo mpaka mwisho. Filamu kubwa hazipati hiyo raha, zinaruka ruka kwa sababu ya gharama za kuhama. Nyie hamhami. Waigizaji wanachoka kweli, wanagombana kweli, mpaka sini ya mwisho uso umeshaiva wenyewe. Kamera iwe mbali mwanzoni muone familia yote kwenye fremu moja, nani kakaa wapi, nani kasimama kwa sababu viti havitoshi, isogee taratibu kadri mambo yanavyobana. Msikate kila mtu akifungua mdomo. Anayesikiliza mara nyingi ana kazi kubwa kuliko anayeongea, mwangalie Diana Sands pale yule mzungu mwenye tai anapojieleza, hata akiwa kimya humkosi.

Na mhusika mgeni muhimu, ule mchezo una Asagai. Mnigeria anaingia kwenye sebule ya Chicago na habari za Afrika inayotaka kujitawala, na filamu imetoka 1961, mwaka uleule tumepata Uhuru wetu Desemba. Sijui kama nyie mtahitaji mtu wa nje ya ukoo ila fikirieni, hata kama ni mpangaji wa chumba cha uani kutoka Kigoma, mtu asiyeogopa kuuliza swali ambalo familia hailiulizi.

Vibali msivikimbie. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ipo tangu 1976, Bodi ya Filamu ndo inatoa kibali cha kushuti na ndo inakagua filamu na kuipangia daraja kabla hujaionyesha kwa watu, kwahiyo anzia kwa afisa utamaduni wa manispaa akuelekeze, beba skripti na orodha ya watu. Mtaani mtaarifu mwenyekiti, mapema, watu wakisikia mtu anapiga kelele "umekula hela ya marehemu" saa tatu usiku wataita polisi, na watakuwa sahihi.

Ukimaliza kuedit usiipeleke mtandaoni kwanza. Rudi kwenye ule ukumbi mlipopigia mchezo, baada ya kibali, kodi projekta, waite walewale waliowahi kulia. Wewe kaa nyuma kabisa na daftari, usiangalie filamu, angalia watu. Simu zikianza kuwaka mapajani andika dakika. Zikiwaka tatu nne kwa pamoja kata hapo, hata kama ndo sini uliyohangaika nayo wiki nzima, na kama hamna iliyowaka mpaka yule kitindamimba anafungua mdomo, iacheni hivyohivyo mpeleke.